Shitala, mungu wa kike anayepoza: siku jirani yetu wa Tanga aliponinyima moto

#1 Mwana wa Uani

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka juzi, leo mvua imenifungia ndani nikasema basi.

Mwaka 1986, Tanga, nipo darasa la tatu. Ua wetu ulikuwa mmoja na wa familia ya Kihindu, watu wa Kathiawar kule Gujarat, wenye duka la vitambaa upande wa barabarani. Bibi yao tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Enzi hizo mafuta ya taa ni foleni na kiberiti kinafichwa kama dhahabu, kwa hiyo asubuhi mama akinituma na kigae nikaombe kaa la moto kwa Ba. Hakuwahi kuninyima hata siku moja. Tena kaa akiliweka kwenye kigae, na kwa mkono wa pili akinipa kipande cha sukari guru cha kwangu mwenyewe.

Siku hiyo, ilikuwa Agosti, nikafika nikakuta jiko limefagiliwa likang'aa, limepigwa madoa ya kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, limewekewa ua. Hakuna hata jivu. Ba akaniambia: "Leo moto hapana, mtoto. Mama amelala jikoni."

Nikamchungulia huyo Mama. Simwoni. Nikapewa puri baridi mbili na maziwa mgando, nikarudi na kigae kitupu. Mama yangu akauliza moto uko wapi, nikamjibu: "Mama yao amelala ndani ya jiko." Nilichapwa kofi kwa kusema uongo.

Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini nilipomjua huyo Mama ni nani. Anaitwa Shitala. Nakuja.

#2 Kahawa Chungu

Nimekaa mkao wa kula. Mleta uzi usije ukapotea kama wale wengine wa "itaendelea".

#3 Mwana wa Uani

Sipotei mkuu.

Shitala ni neno la Kisanskriti, maana yake ni "aliye baridi", mwenye ubaridi. Ndiye mungu wa kike wa ndui. Nisomeni vizuri hapo: wa ndui, wala sikusema wa kuzuia ndui. Ndui ni yeye mwenyewe kaja. Kaskazini mwa India mtoto akitokwa na upele watu hawakusema "anaumwa", walisema Mama amekuja. Ndui waliiita Mama mkubwa, tetekuwanga Mama mdogo. Na yeye aliyeleta ndiye huyo huyo wa kuondoa. Hakuna wa kumfukuza, maana ukimfukuza mgeni wa namna hiyo anaondoka na mtoto wako.

Sasa mgeni huyu ana joto. Ndui ni homa kali, ngozi inawaka, mtu anaona kama amelazwa juu ya makaa. Jina la "Baridi" kwa mwenye joto la namna hiyo ni la kumbembeleza, kama sisi tunavyomwita mtoto mtundu "mtulivu wangu" ili atulie. Kila kitu kwenye ibada yake ni cha ubaridi: maji ya mtungini, maziwa mgando, chakula cha jana, majani ya mwarobaini.

Kiswahili kinaniweka karibu naye kuliko nilivyodhani. Uji tunaupoza. Na mgonjwa pia, wazee wa pwani wanasema "Mungu atampoza". Neno moja, uji na mgonjwa. Ba angeelewa bila mkalimani.

Ukimwona kwenye picha: amepanda punda, mkono mmoja ufagio mfupi, mwingine mtungi wa maji, kichwani amejitwika ungo.

#4 Fundi Saa

Ungo na ufagio??? Mkuu huyo kwetu Sumbawanga tunamjua kwa jina lingine 😂😂

#5 Mwana wa Uani

Nilijua atatokea mmoja. Hapana, ungo wake ni wa kupepeta na ufagio ni wa kufagia. Kwa namna moja anapepeta magonjwa watu wakapata, kwa namna nyingine anafagia nyumba yakatoka. Waganga wa Kihindi wa zamani ndui waliiita masurika, kutokana na masur, zile dengu nyekundu, kwa sababu vipele vinafanana na dengu. Na kwenye tenzi za Bengal za kumsifu Shitala, ndui inabebwa kama nafaka za jamii ya kunde. Dengu zinakaa wapi? Kwenye ungo. Punda naye ni mnyama wa wafinyanzi, na sehemu kadhaa za Rajasthan makuhani wake ni wafinyanzi, si Wabrahmini wa tabaka la makuhani. Pale Chaksu, karibu na Jaipur, kilima chake kinafurika watu kila mwaka wiki moja hivi baada ya Holi, sikukuu ya rangi.

#6 Ben wa Mwanza

Mleta uzi, mimi ni Mgujarati wa Mwanza, kizazi cha nne (na "Ben" kwetu ni dada), nimesoma hapa nacheka peke yangu maana Ba wako ni Ba wangu kabisa. Naomba niongeze kidogo, na nikurekebishe pahali.

Kaskazini siku yake ni ya nane ya giza la mwezi (nusu ile mwezi unapopungua) wa Chaitra, Machi au Aprili. Sisi Wagujarati tunaifanya Shravan, Agosti hivi, siku ya saba, ndiyo maana inaitwa Shitala Satam. Siku ya sita inaitwa Randhan Chhath, yaani sita ya kupika. Siku hiyo wanawake hatukai. Thepla, puri, vada, sukhdi, kuler ya unga wa uwele na guru, vyote vipikwe vikae hadi kesho. Usiku jiko linazimwa, linaoshwa, linaabudiwa. Siku ya saba hakuna moto, hakuna chai (hapo ndipo wanaume wanapoteseka), na kuoga ni maji baridi. Siku ya nane ni kuzaliwa kwa mungu Krishna. Kathiawar hizo siku watu wazima wanacheza karata mpaka asubuhi, na mizigo hiyo ilipanda jahazi na meli pamoja na babu zetu.

Siku hizi ni jiko la gesi. Naliosha, naweka kumkum kwenye kila plate, nazima valvu ya mtungi. Mama mkwe anahakikisha mwenyewe.

Marekebisho: umesema Mama amelala jikoni. Halali tu. Anagaagaa. Usiku wa kuamkia siku ya saba anapita nyumba hadi nyumba na kugaagaa kwenye majivu yaliyopoa, ajipoze. Simulia kisa cha wake wawili, usipofanya hivyo nakuja kukisimulia mimi.

#7 Mwana wa Uani

Dada, nakuachia. Hicho ni cha jikoni kwenu.

#8 Ben wa Mwanza

Haya. Tunakisimulia kila mwaka, bila hicho ibada haijaisha.

Palikuwa na wake wawili walioolewa na ndugu wawili, mke mkubwa na mke mdogo, nyumba moja, mama mkwe mmoja. Usiku wa Randhan Chhath mke mdogo alipika mpaka usiku mwingi. Mtoto akalia, akajilaza kumnyonyesha, usingizi ukamchukua, na jiko likabaki linawaka. Shitala Ma akaja kugaagaa apate ubaridi. Akaungua mwili mzima. Akatoa laana: kama nilivyoungua mimi, na aungue aliyetoka tumboni mwako. Asubuhi yule mama akakuta mtoto ameungua, amekufa.

Mama mkwe akamwambia, huyu ni Shitala umemuudhi, nenda kamtafute. Akamweka mtoto kwenye kikapu, kikapu kichwani, akaondoka akilia. Njiani akakuta mabwawa mawili yamejaa, yanamwagiana maji, na anayeyanywa anakufa. Yakamwambia: ukimkuta, tuulizie kosa letu. Akakuta maksai wawili wamefungwa mawe ya kusagia shingoni, wanapigana bila kukoma. Nao wakamwambia vilevile.

Mbele akamkuta bibi kizee chini ya mti, nywele timutimu, anajikuna kichwa. "Mwanangu, nitazamie chawa." Fikiria: wewe umebeba maiti ya mwanao, mtu anakuambia mtoe chawa! Lakini akaweka mtoto kwenye mapaja ya bibi, akaanza kutafuta chawa. Bibi kichwa kilipotulia akasema, kama ulivyokipoza kichwa changu, na tumbo lako lipoe. Mtoto akacheua, akalia.

Akamuulizia na wale wa njiani. Mabwawa walikuwa wanawake wa nyumba moja waliokuwa wakigombana na kumpa jirani maziwa ya mgando yaliyotiwa maji. Maksai walikuwa wanawake waliokataa jirani asisage kwenye jiwe lao. Alipoyanywa maji ya mabwawa na kuwafungua maksai mawe yao, wakapona.

Mwaka uliofuata mke mkubwa kwa wivu akaacha jiko linawaka makusudi, ili naye apate kumwona. Mtoto akaungua kweli. Njiani mabwawa yakamuuliza, akasema sina muda. Bibi akamwomba chawa, akasema mimi sina kazi ya chawa. Basi. Alirudi na kikapu kama alivyokwenda nacho.

Ndiyo maana Ba alikunyima moto lakini hakukuacha uondoke mikono mitupu, mkuu. Kumnyima jirani kabisa, siku ile hasa, asingethubutu.

#9 Kahawa Chungu

Aisee. Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye chawa nimemkumbuka bibi yangu.

#10 Fundi Saa

Sasa tuwe wakweli. Watu walikufa kwa ujinga huu. Chanjo ipo, watu wanafagia jiko.

#11 Mwana wa Uani

Fundi, hapo ndipo nilipotaka tufike, maana hata mimi nilianza na wazo hilo.

Kabla daktari Jenner wa Uingereza hajajaribu chanjo yake ya ndui ya ng'ombe mwaka 1796, Bengal tayari kulikuwa na wachanjaji. Waliitwa tikadar. Mwaka 1767 Mwingereza J. Z. Holwell, aliyekaa Calcutta miaka mingi, aliandika maelezo kwa madaktari wa London jinsi walivyofanya kazi. Walipita vijijini kabla ya msimu wa ndui kuanza, maana Bengal ndui ni ugonjwa wa majira ya kuchipua, na hata jina lake lilitokana na majira hayo. Walichukua usaha wa ndui wa mwaka uliopita, wakaulowesha kwa maji ya mto Ganga, wakachanja mkono na kuuweka kwa pamba. Wakati huohuo wanamsalia mungu wa ndui. Kisha mtu anamwagiwa maji baridi asubuhi na jioni, na anaacha samaki, maziwa na samli kwa mwezi. Alipata ndui nyepesi na kinga ya maisha.

Kwa hiyo kuchanjwa kulikuwa ni ibada ya Shitala: unamkaribisha Mama kwa adabu, siku unayoichagua wewe, nyumba imefagiliwa. Mpaka leo Kihindi kinaita chanjo tika, neno lilelile la alama ya kwenye paji la uso.

Halafu serikali ya kikoloni ikaja na chanjo ya ng'ombe, na mwaka 1865 ikapiga marufuku ile ya zamani Calcutta na vitongoji vyake. Mchanjaji mpya hasali, hafungi, hajui Mama ni nani, na anakuja na dawa iliyotoka kwenye jipu la ng'ombe. Ng'ombe, kwa Wahindu! Au anakamua mkono wa mtoto wa watu wa tabaka jingine aweke kwa wako. Wengi waliomkimbia huyo hawakuwa wakikimbia kuchanjwa. Hata Gandhi, mtu wa Kathiawar kama Ba, aliandika kuipinga chanjo hiyo, ingawa sababu zake zilikuwa nyingine na mimi naona alikosea.

#12 Mstaafu Wodi Nne

Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, naingia kwa hili tu.

Mwana wa Uani, umesimulia vizuri lakini usiifanye hiyo ya zamani kuwa asali tupu. Aliyechanjwa usaha wa ndui yenyewe alikuwa na ndui yenyewe. Yeye anapona, jirani asiyechanjwa anaipata kwake, kali, na kati ya watu kumi wasio na kinga watatu walikuwa wanakufa. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu nzito ya kuipiga marufuku. Ya ng'ombe haikuwa na hatari hiyo.

Sisi tulichanja kwa sindano ya ncha mbili, mfano wa uma mdogo, unachoma juu juu mara kumi na tano. Wenye umri wangu kovu bado lipo begani.

Na kwa kuwa nimeona mwarobaini umetajwa: kumwogesha mtoto wa tetekuwanga maji yaliyopoa yenye majani yake, sawa, kunapunguza mwasho. Mafuta ya mwarobaini msimnyweshe mtoto mchanga, ni sumu. Na mwenye tetekuwanga asipewe aspirini.

#13 Mwana wa Uani

Shikamoo mama. Nimelipokea, na nakubali.

Mwarobaini nao una yake. Sisi tunasema unatibu maradhi arobaini, tumesahau kwamba asili yake ni kulekule India na ndio mti wa Shitala. Nilipougua tetekuwanga, Ba alileta matawi akayafunga mlangoni kwetu na mengine akanipangusia mwili. Akamwambia mama yangu, "Mama amekuja kwa mtoto wako." Mama akajibu kwa ukali kidogo: "Mama gani tena? Mamake ni mimi." Ba akacheka mpaka akakaa chini. Lakini majani mama aliyaacha mlangoni. Wageni walipoyaona hawakuingia, na hilo peke yake lilikuwa karantini.

#14 Mzamiaji wa Kovai

Nilisoma Coimbatore, Tamil Nadu, miaka ya 2020. Kusini hawamwiti Shitala, ni Mariamman, na Watamil wengine watakukatalia ukiwaambia ni yule yule. Tetekuwanga wanaiita ammai, neno linalotokana na amma, mama. Vipele ni muthu, lulu. Yaani Mama amekuvisha lulu. Mwenye nyumba wangu mwanawe alipougua, majani ya mwarobaini yaliwekwa mlangoni, jikoni hawakukaanga kitu, na mtoto hakukemewa wiki nzima maana ndani yake yumo Mama. Akipona anaogeshwa maji ya mwarobaini na bizari. Mwezi wa Aadi wanapika uji wa ulezi sufuria kubwa kubwa na kugawia watu.

Tauni ilipoingia mji ule zamani, akatokea Plague Mariamman, na mahekalu yake yapo hadi leo. Mei 2021, corona imepamba moto, watawa wa Kamatchipuri Adhinam pale Irugur wakachonga Corona Devi, mungu wa kike wa corona, wakamsalia siku 48, makuhani peke yao bila umma. Sisi wanafunzi tulicheka. Baadaye mmoja wetu akalazwa na hatukucheka tena.

#15 Mwana wa Uani

Asante mkuu. Na Karnataka, wilaya ya Mandya, mwaka 1997 mwalimu wa shule alijenga kibanda cha "Mama Ukimwi", ili watu wanaokuja kusali wasome kwenye kuta jinsi ya kujikinga. Bengal kipindupindu nacho kina wake: Wahindu wanamwita Olai Chandi, Waislamu wa kijiji kilekile wanamwita Ola Bibi, wanaenda pamoja. Ba alikuwa pia akimtaja Baliya Kaka, mungu wa kiume wa ndui wa Gujarat. Kaka kwao ni baba mdogo. Magonjwa yote nyumbani yana undugu.

#16 Fundi Saa

Sawa nimeelewa, nimeshuka sauti. Swali langu: ndui imekwisha. Huyu Mama kazi yake nini sasa?

#17 Mwana wa Uani

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Haikuondoka kirahisi. Mwaka 1974 peke yake India iliandikisha wagonjwa zaidi ya 180,000, Bihar ikiongoza. Wafanyakazi wa chanjo walipita mlango kwa mlango na kadi yenye picha ya mgonjwa, wakatoa zawadi kwa anayeripoti, mwisho ikafika rupia 1,000. Mei 1975 India ikapata mgonjwa wake wa mwisho. Oktoba mwaka huo, kisiwa cha Bhola, Bangladesh, mtoto wa kike akawa wa mwisho duniani kupata ndui ya aina kali kwa maambukizi ya kawaida. Ile ya aina nyepesi ilikuja kufia huku kwetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, na akafariki 2013 kwa malaria akiwa kwenye kampeni hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 1980 kwamba ndui haipo tena.

Sasa hesabu. Ba alizima jiko lake mbele yangu mwaka 1986, miaka sita baada ya tangazo hilo. Nilipomuuliza mjukuu wake miaka mingi baadaye kwa nini, aliniambia Ba alikuwa na kaka na dada wawili waliokufa kwa ndui Kathiawar, utotoni. Yeye alibakiwa na mashimo usoni, ambayo mimi utotoni nilidhani ni uzee. Alimjua Mama kwa uso wake mwenyewe. Wewe ungemwambia aache?

Leo anaombewa surua, tetekuwanga, watoto kwa jumla. Hekalu lake la Gurugram, pembeni mwa Delhi, limezungukwa na maghorofa ya kampuni za kompyuta, na watoto bado wanapelekwa pale kunyolewa nywele za kwanza.

#18 Binti Makorora

Uzi mtamu. Swali dogo la jikoni: siku ya nane Ba aliwashaje tena jiko, na kiberiti mmesema hakuna?

#19 Mwana wa Uani

Dada wa Makorora, umenigusa pale pale.

Alfajiri, mlango ukagongwa. Mjukuu wa Ba, rika langu, amesimama na kigae mkononi. Mama akamkaribisha ndani, mtoto akakataa kukaa, ana haraka. Mama akamwambia, kama tunavyowaambia wote wasiokaa: "Umekuja kuchukua moto?"

Akajibu, "Ndiyo."

Mama alicheka, akamwekea kaa mbili.